Maswali ya Wasomaji: Dereva Aliyeshinda Jacksonville na Kombe Lililokwenda kwa Mwingine

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Rafiki yangu anayefuatilia mbio za magari za Marekani ameniambia kwamba mwaka 1963 dereva Mweusi alishinda mbio katika jimbo la Florida, akiwa amewatangulia wenzake kwa mizunguko miwili kamili, kisha kombe likakabidhiwa mtu mwingine. Sikumwamini, kwa sababu sioni jinsi watu waliopewa kazi ya kuhesabu wanavyoweza kukosea kiasi hicho. Je, habari hizi ni za kweli? Na kama ni za kweli, mwenye haki alipata haki yake?

JIBU: Habari hizi ni za kweli, na rafiki yako hakutia chumvi hata kidogo. Dereva huyo aliitwa Wendell Scott, mzaliwa wa mji wa Danville katika jimbo la Virginia, na mbio zenyewe zilifanyika tarehe 1 Desemba 1963 katika uwanja wa Speedway Park mjini Jacksonville. Zilikuwa mbio za daraja la juu kabisa la NASCAR, chama kinachosimamia mbio za magari Marekani, ambalo wakati huo liliitwa Grand National, na zilishindaniwa kwa magari yaliyotokana na yale yale ambayo mtu wa kawaida angeweza kuyanunua dukani, yakiwa yameimarishwa kwa ajili ya mashindano. Uwanja ulikuwa wa udongo, wenye umbo la yai, na mzunguko wake mmoja ulikuwa nusu maili, yaani takriban mita 800. Madereva walitakiwa kuuzunguka mara 200.

Siku hiyo udongo ulichimbika vibaya, na gari baada ya gari likapata hitilafu. Richard Petty, ambaye baadaye alikuja kuwa bingwa mara saba, alikuwa akiongoza, lakini gari lake lilikuwa limeanza kuchoka, na ilipobaki mizunguko 25 Scott alimpita. Tangu hapo hakuna aliyemkaribia. Alipoumaliza mzunguko wake wa 200 alitazamia kuona bendera ya miraba myeusi na myeupe, ile inayopeperushwa kumpa ishara mshindi, lakini haikupeperushwa. Akaendelea kukimbia. Bendera ilipotolewa hatimaye, alipewa Buck Baker, dereva Mzungu mwenye jina kubwa na bingwa wa mwaka 1956 na 1957, naye ndiye aliyepanda kupokea kombe na kupigwa picha.

Sasa tuje kwenye mashaka yako kuhusu hesabu, kwa maana yana msingi. Wakati huo hakukuwa na mitambo ya kielektroniki ya kuhesabu mizunguko. Kila gari lilikuwa na mtu wake mwenye kadi na kalamu, ambaye kila gari hilo lilipopita mbele yake aliitazama saa kubwa na kuandika muda. Katika uwanja wa nusu maili gari hurudi pale pale baada ya nusu dakika hivi, na magari zaidi ya 20 hupishana katika vumbi, mengine yakiwa nyuma kwa mizunguko mingi ingawa kwa macho yanaonekana kuwa mbele. Mtu akiinama kutafuta kalamu iliyoanguka, mzunguko mzima umepotea. Makosa yalitokea hata kwa madereva Wazungu: mwezi Juni 1959, katika uwanja wa Lakewood mjini Atlanta, Richard Petty alipewa bendera ya ushindi, lakini baba yake, Lee Petty, akapinga matokeo, kadi zikahesabiwa upya, na ushindi ukahamishiwa kwa baba.

Kwa hiyo, anayedai kwamba kilichotokea Jacksonville kilikuwa kosa la kadi, hadai jambo lisilowezekana. Hata hivyo, mimi binafsi siridhiki na maelezo hayo, nami nitaeleza sababu. Kosa la kawaida huzaliwa pale ambapo magari mawili yanakaribiana na haijulikani wazi ni lipi lililo mbele. Scott hakukaribiana na mtu. Aliumaliza mwendo kamili kisha akaendelea kuzunguka, akiwa mshindani Mweusi peke yake uwanjani, na gari lake lenye namba 34 lilifahamika kwa kila mtu. Ni vigumu kumpoteza machoni mtu wa namna hiyo. Scott mwenyewe na familia yake waliamini hadi mwisho kwamba waandaaji walijua nani ameshinda, ila hawakutaka kumpandisha jukwaani mbele ya umati wa Wazungu wa Florida, ambako ilikuwa desturi kwa msichana mrembo aliyekabidhi kombe kumbusu mshindi. Tukumbuke pia mwaka wenyewe: Juni 1963, huko huko Danville alikozaliwa Scott, polisi waliwapiga marungu na kuwamwagia maji ya mabomba waandamanaji waliodai haki za raia, na Septemba wasichana wanne Weusi waliuawa kwa bomu kanisani mjini Birmingham, Alabama. Busu la jukwaani, ambalo kwa Baker lilikuwa sehemu ya sherehe tu, kwa Scott lingeweza kuwasha fujo.

Scott alipinga matokeo papo hapo. Kadi zikapitiwa, na baada ya saa kadhaa, watazamaji wakiwa wamekwisha kutawanyika, maofisa wakakiri kwamba alikuwa ameshinda, tena kwa mizunguko miwili. Jina lake likaandikwa katika kumbukumbu, lakini kombe lilikuwa limekwisha kuondoka na Baker. Baadaye Scott alipewa kikombe duni cha mbao kisichofanana hata kidogo na zawadi ya mbio za daraja hilo. Alifariki dunia tarehe 23 Desemba 1990 bila kulipata kombe halisi.

Kuhusu kupata haki yake, basi, jibu langu ni kwamba aliipata katika karatasi na akaikosa pale ilipostahili kutolewa. Mwaka 2015 aliingizwa katika Ukumbi wa Heshima wa NASCAR. Tarehe 28 Agosti 2021, siku moja kabla ya kutimia miaka 100 tangu kuzaliwa kwake, familia yake ilikabidhiwa kombe jipya katika uwanja wa Daytona. Ninaheshimu kitendo hicho, lakini sioni kwamba kilifuta deni, kwa sababu dereva hufanya kazi usiku na mchana kwa ajili ya zile dakika chache ambazo umati unasimama na kumwona ameshinda, na hizo haziwezi kukabidhiwa kwa wajukuu.

SWALI: Mhariri, ikiwa Scott alikuwa hodari kiasi cha kuwashinda akina Petty na Baker, kwa nini hakushinda tena? Je, ushindi wake haukuwa bahati ya siku moja tu?

JIBU: Bahati ilikuwapo, kwa kuwa hitilafu ya gari la Petty ilimsaidia. Lakini katika uwanja mfupi wa udongo uimara wa gari ni sehemu ya ushindani wenyewe. Hapo injini kubwa haipati nafasi ya kunyoosha mwendo, kwani kona hufika upesi. Anayefaulu ni yule anayejua kulitelezesha gari kwenye kona bila kulivunja. Scott alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva wa mashindano. Aliwahi kuhudumu kama makanika katika jeshi la Marekani huko Ulaya wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, akaendesha teksi, akafungua gereji, na kwa kipindi fulani akasafirisha pombe haramu usiku kwa magari aliyoyaongezea nguvu yeye mwenyewe. Mwaka 1959 alitwaa ubingwa wa jimbo la Virginia katika daraja lililo chini ya Grand National. Mtu aliyeyapitia hayo yote hakufika Jacksonville kwa kubahatisha.

Alichokosa ni fedha. Madereva wakubwa waliungwa mkono na viwanda vya magari, wakapewa injini mpya na mafundi wa kulipwa. Scott alishinda Jacksonville kwa Chevrolet ya mwaka 1962 iliyokuwa imetumika, ambayo aliinunua kwa dereva mwenzake, Ned Jarrett, na hii ilikuwa katika mwaka ule ule ambao kampuni mama ya Chevrolet, General Motors, ilikuwa imejiondoa katika kufadhili mbio. Mafundi wake walikuwa wanawe, Wendell mdogo na Franklin. Alinunua vipuri na tairi vilivyokwisha kutumiwa na timu tajiri, na mara nyingi aliliendesha gari kwa tahadhari ili limalize, kwa maana likiharibika hakuwa na jingine la kwenda nalo wiki iliyofuata.

Ukiyazingatia hayo, matokeo yake yanastahili kutazamwa kwa jicho jingine. Alianza mbio 495 za daraja la juu na kumaliza ndani ya kumi bora mara 147. Mwaka 1966 alikuwa wa sita katika msimamo wa msimu mzima, mbele ya watu wengi waliokuwa na fedha ambazo yeye hakupata kuzishika, na kila mwaka kati ya 1967 na 1969 alibaki ndani ya kumi bora. Mimi hulipa uzito mkubwa zaidi hili kuliko hata ushindi wa Jacksonville, kwani bahati haidumu miaka minne mfululizo. Kazi yake ilikatizwa kwa kiasi kikubwa na ajali ya Mei 1973 katika uwanja mkubwa wa Talladega, Alabama, ambapo magari mengi yaligongana kwa pamoja naye akavunjika mifupa vibaya. Dereva Mweusi mwingine alishinda mbio za daraja hilo tarehe 4 Oktoba 2021 tu, naye ni Bubba Wallace, huko huko Talladega.

SWALI: Baadhi ya maandishi yanasema Scott alishinda mwaka 1963, na mengine yanasema msimu wa 1964. Lipi sahihi?

JIBU: Yote mawili. Wakati huo msimu mpya wa Grand National ulianza kabla mwaka wa kalenda haujaisha. Msimu wa 1964 ulifunguliwa Novemba 1963, na mbio za Jacksonville zilikuwa za tatu katika msimu huo. Ukizitafuta katika orodha za NASCAR, zitafute chini ya msimu wa 1964, na tarehe utakayoikuta ni 1 Desemba 1963.