Taswira Inayojirudia Mkononi mwa Msanii

Ninachonga mpingo hapa Mtwara, kazi niliyoirithi kwa baba, naye alikuwa mtoto mdogo familia yake ilipovuka mto Ruvuma kutoka uwanda wa juu wa Mueda, baada ya vita vya ukombozi wa Msumbiji kuanza mwezi Septemba 1964. Kila nilipochonga ujamaa, ule mnara wa watu waliobebana katika gogo moja, watu wangu walishikana vifundo vya mikono, kamwe si viganja. Mnunuzi mmoja akaniambia kwamba ninajirudia, nami nikajilazimisha kubadili. Vinyago vya mwaka ule vilipigwa msasa vizuri, ila havikuwa na uhai.

Kijana unayechonga au kuchora, nakusihi usiifute taswira inayojirudia kabla hujajua imetoka wapi. Nenda kwa wazee, lakini usiwaombe wakusimulie vita, kwa maana ombi hilo huwafunga midomo, au huwafanya waseme yale yasemwayo kwenye sherehe. Waulize walibeba nini, walikula nini njiani, nani alitangulia kuingia majini. Nilipomuuliza shangazi, ambaye siku ya kuvuka mto ndiye aliyekabidhiwa baba yangu, hakuanza kwa maneno. Aliukamata mkono wangu juu kidogo ya kiganja, akaubana hadi nikahisi mshipa ukipiga, kisha akasema kuwa kiganja cha mtoto kikilowa huteleza. Baba aliuchonga mshiko huo maisha yake yote bila kuueleza, nami niliuokota kwa kuitazama tindo yake.

Malangatana, mchoraji wa Msumbiji aliyefungwa na polisi wa siri wa Wareno katika miaka ya 1960, alijaza turubai zake miili iliyosongamana na macho yaliyokodolewa, na msongamano huo haukumwacha hata baada ya uhuru wa mwaka 1975. Siamini kwamba aliishiwa mawazo.

Ukishajua chanzo, hulazimiki kuiweka taswira hiyo katika kila kazi, wala kumweleza kila mteja. Mimi huwa simwelezi. Ila ninapofika kwenye kifundo cha mkono ninaweka tezo chini, ninachukua tindo ndogo kuliko zote, ninavitoa vidole vinne kimoja kimoja, kisha kidole gumba kinachovipokea kwa upande wa pili, na hapo siharakishi hata kama mzigo unasubiriwa stendi.