Kukadiria Matengenezo ya Nyumba Kabla ya Kuacha Kupanga

Hapa Tabora watu wengi wanaopima kama waendelee kupanga au wahamie kwao hufanya hesabu fupi mno. Huchukua kodi ya mwezi, huizidisha kwa miezi kumi na miwili, huizidisha tena kwa miaka wanayotarajia kuishi, na jumla inayopatikana huiita fedha iliyotupwa. Upande wa pili, ule wa nyumba yao wenyewe, huandika gharama za ujenzi na baada ya hapo huweka sifuri. Mimi ni mwalimu, nilipanga Isevya kwa miaka mingi kabla ya kuhamia kwangu Ipuli, na kwa niliyoyaona pande zote mbili, sifuri hiyo ndiyo inayoharibu hesabu nzima. Nyumba huliwa kidogo kidogo kila mwaka na jua, mvua, mchwa na mikono ya watoto, na mwenye nyumba hulipia ulaji huo apende asipende, ama kwa kukarabati au kwa kukaa katika nyumba inayopungua thamani.

Kabla ya kuanza kukadiria, tenganisha mambo mawili ambayo kwetu huchanganywa sana. Wengi wetu hujenga kwa awamu na kuhamia nyumba ikiwa haijaisha: sakafu ni ya saruji tupu, dari bado, uzio ni wa miti. Fedha ya marumaru, dari na uzio ni fedha ya kumalizia ujenzi, na inapaswa kuhesabiwa kwenye bei ya nyumba hata kama inatumika miaka mitano baada ya kuhamia. Matengenezo ni fedha inayorudisha kitu kilichokuwepo kikachakaa. Ukivichanganya, utajidanganya kwa namna mbili: utaona nyumba yako inakula fedha nyingi mno katika miaka ya mwanzo, kisha utadhani imetulia wakati ndiyo kwanza inaanza kuchoka.

Ipo kanuni inayotajwa sana Marekani, kwamba mwenye nyumba atenge asilimia 1 ya thamani ya nyumba yake kila mwaka kwa ajili ya matengenezo. Nimewahi kuiona ikirudiwa kwa Kiswahili kana kwamba imetungwa hapa kwetu, mtaani Kiloleni. Tatizo lake ni kwamba thamani ya nyumba katika miji mikubwa ya huko huwa imebeba bei kubwa ya ardhi, na ardhi haichakai. Kwetu kiwanja ni sehemu ndogo ya gharama, na karibu fedha yote iko kwenye vitu vinavyochakaa: mabati, mbao, rangi, mabomba. Tena saruji, mabati na vifaa vya bomba husafirishwa kutoka mbali kwa reli au kwa malori, kwa hiyo kila ukarabati hubeba nauli ndani yake. Asilimia ya nyumba ya Tabora haiwezi kuwa ile ya Chicago.

Njia ninayoiamini ni ya kuchosha kidogo. Unaandika kila sehemu ya nyumba inayochakaa, unaweka makadirio ya miaka itakayodumu, unaweka gharama ya kuibadilisha kwa bei ya leo pamoja na ufundi, kisha unagawanya. Nitatumia mfano wa nyumba ya vyumba vitatu, sebule, jiko na choo cha ndani, iliyogharimu shilingi milioni 45 juu ya kiwanja cha milioni 5. Bei nitakazotaja ni za mfano tu. Wewe pitia maduka mawili matatu ya vifaa na uzungumze na fundi wako kabla ya kuziandika za kwako.

Paa nitalitengea nafasi kubwa kuliko sehemu nyingine, kwa sababu ndilo linalolinda vyote vilivyo chini yake. Tuseme mabati ya geji 30, misumari, mbao chache za kubadilisha na ufundi vinafika milioni 3, na paa linadumu miaka 20. Hiyo ni shilingi 150,000 kwa mwaka. Lakini paa huanza kuvuja kabla bati halijaoza. Chini ya kofia ya kila msumari wa bati kuna kipande cha mpira kinachoziba tundu. Jua letu la Septemba na Oktoba hulitanua bati mchana, usiku hupoa na kujikunja tena, na msumari huvutwa juu taratibu huku mpira ukikauka na kupasuka. Mvua ya kwanza ya Novemba huingilia hapo. Fundi aliyenipandia juu aliniambia, “Mwalimu, bati lako zima kabisa, iliyokufa ni mipira.” Kubadilisha misumari iliyolegea ni kazi ya fundi mmoja na kijana wake. Ukiiacha, maji hayo hayo hushuka kwenye dari, dari hupiga mabaka, hulegea na kudondoka, na kenchi, yaani mbao zinazobeba paa, huanza kuoza mahali ambapo huoni. Kwa hiyo mtu akwambie paa lake halijamgharimu kitu kwa miaka kumi, muulize mara ya mwisho kupanda juu ilikuwa lini.

Rangi huwashangaza watu. Kupaka nje na ndani tuseme ni milioni 1.2, na kwa vumbi letu la kiangazi na tope linalorukia kuta masika, miaka sita ni mingi. Ukigawanya unapata 200,000 kwa mwaka, yaani rangi inakula kuliko paa, ingawa hakuna anayeihofia kama anavyohofia paa. Dari nimeikadiria 100,000 kwa mwaka. Milango, vitasa, nyavu na vioo vya madirisha 100,000. Swichi, soketi na nyaya 40,000. Mabomba, koki, vifaa vya choo na tanki la maji nimeviwekea 90,000, na hapo nawaonya hasa wenye nyumba za zamani. Mtandao wa maji ya Ziwa Victoria ulipofika mjini kwetu, baada ya miaka mingi ya kutegemea bwawa la Igombe, maungio dhaifu ya mabomba ambayo yalikuwa hayajulikani yalianza kujulikana.

Mchwa wanastahili mstari wao wenyewe kwenye daftari, na anayejenga Tabora bila mstari huo hajauliza majirani. Hupanda kutoka kwenye msingi kwa vijia vya udongo vyenye unene wa kalamu, mara nyingi nyuma ya kabati au kwenye kona ya stoo, hadi wakute mbao. Mninga huwashinda kwa muda mrefu, na sisi tuna bahati ya kuishi katika nchi ya mninga, lakini kwa bei ya sasa wengi huishia kuuweka kwenye milango na fremu tu, juu wanaweka mbao laini ambazo zisipopakwa dawa ni chakula. Njia ya kuwatambua ni kugonga fremu kwa mpini wa bisibisi: mbao nzima hulia kwa uzito, iliyoliwa hulia kama debe tupu. Dawa ya kumwagia kuzunguka msingi na ufundi wake, tuseme 300,000 kila miaka mitatu, ni 100,000 kwa mwaka.

Nyufa hutegemea umejenga wapi. Kwenye udongo wa kichanga wa sehemu za juu, kiraka cha lipu mara moja moja kinatosha. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, ambao huvimba masika na kupasuka kiangazi, ukuta hufuata mwendo wa udongo, na bei rahisi ya kiwanja cha bondeni hurudishwa kidogo kidogo kwa mafundi. Mfano wangu unachukua 100,000 kwa mwaka. Ongeza gari la kunyonya shimo la maji taka, 120,000 kila miaka miwili, yaani 60,000 kwa mwaka. Mwembe uliokaa juu ya paa sijauwekea tarakimu, ingawa kila msimu wa maembe hunikumbusha kwamba ningepaswa.

Jumla ni 940,000. Kodi ya jengo inayokatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, kwa kiwango cha mwaka 2023 cha shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, inaongeza 18,000, na tunafika 958,000, yaani karibu 80,000 kila mwezi. Mwenye hati ataongeza kodi ya ardhi kulingana na ukubwa na matumizi ya kiwanja chake. Angalia basi: matengenezo peke yake ni zaidi kidogo ya asilimia 2 ya gharama ya kujenga, mara mbili ya ile kanuni ya Marekani.

Sasa rudi kwenye upangaji, na ulinganishe nyumba kwa nyumba. Haifai kulinganisha chumba na sebule cha Isevya na nyumba nzima ya Ipuli, kisha kushangaa tofauti. Tuseme nyumba kama ya mfano wetu hupangishwa kwa 250,000. Kwa mwaka ni milioni 3, na kinachookolewa na anayeishi kwake ni milioni 3 kutoa 958,000, yaani kama milioni 2 na kidogo. Katika milioni 50 zilizowekwa, hiyo ni asilimia 4 hivi. Hatifungani za serikali za muda mrefu, yaani fedha unayoikopesha serikali kwa riba, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10, kwa hiyo anayejenga anunue utulivu, kupanda kwa thamani ya kiwanja na kinga dhidi ya kodi ya pango inayopanda, na avinunue akijua bei yake. Mimi nilivinunua na ninaviona vina thamani, lakini sikubaliani na wanaosema mpangaji anatupa fedha.

Mpangaji naye asijidhani hana matengenezo. Kwa desturi ya hapa, taa, koki na vitasa ni vyake, na vitu vikubwa ni vya mwenye nyumba, ila mwenye nyumba akiwa mbali au mgumu, mstari huo husogea. Nilipokuwa napanga, dari ilipodondoka nilitengeneza kwa fedha yangu ili tukatane kwenye kodi, na makato yenyewe yalikuja nusu baada ya mazungumzo marefu. Kodi ya jengo kisheria ni ya mmiliki, lakini anayenunua umeme ndiye anayekatwa, kwa hiyo mpangaji mwenye mita yake aiingize kwenye makubaliano mapema. Weka pia malipo ya dalali, ambayo kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja, na gharama za kuhama, ukizigawanya kwa miaka unayokaa katika nyumba moja.

Ugumu wa 80,000 kwa mwezi ni kwamba haiji kila mwezi. Miaka ya mwanzo nyumba hudai kidogo tu, kisha kati ya mwaka wa nane na wa kumi na mbili rangi, mabomba na madirisha hudai kwa pamoja. Kikoba hakifai kwa akiba hii, kwa sababu mgawo husubiri mwisho wa mzunguko na mvua haisubiri. Akaunti ya benki ya pembeni au Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, taasisi ya uwekezaji wa pamoja, unaoruhusu kutoa fedha bila kusubiri mwaka uishe, hufaa zaidi. Wapo wanaoweka akiba kwa kununua vifaa; mabati na marumaru hukubali, saruji haikubali, maana ikikaa miezi stoo hunyonya unyevu na kupoteza nguvu.

Kwa anayetaka kununua nyumba iliyokwisha kujengwa, hesabu hii hii hugeuka kuwa silaha ya kupunguza bei. Usigawanye kwa miaka yote, gawanya kwa iliyobaki. Paa la miaka 15 linadai milioni 3 ndani ya miaka mitano, kwa hiyo wewe unapaswa kutenga 600,000 kwa mwaka, si 150,000. Uliza mwaka wa kuezekwa na mara ya mwisho dawa ya mchwa kumwagwa, gonga fremu zote, nenda na fundi asiye wa muuzaji apande juu, na ikiwezekana iangalie nyumba Januari au Februari mvua zikiwa zimekolea, si Agosti. Gharama zote zitakazoiva ndani ya miaka mitano ziandike, zijumlishe, na uziweke mezani kabla hujataja bei yako.