Maswali ya wasomaji: Milima ya Norwei, mzigo mgongoni

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Moshi. Dada yangu anaishi Drammen, na ametualika mwezi wa nane: mimi, mke wangu na binti yetu Neema wa miaka 15. Tungependa siku tano tutembee milimani, tukilala kwenye vibanda njiani kama ilivyo Mandara na Horombo kule Kilimanjaro, ambako nimeshafika na wanafunzi wangu. Lakini kila ninayemgusia habari hii ananiambia Norwei ni ghali, tutarudi na madeni. Je, familia ya mwalimu inaweza? Tuanzie wapi?
Baba Neema, Moshi

JIBU: Marahaba, Baba Neema. Mnaweza, na asikukatishe tamaa mtu. Nilikuja huku Norwei kufanya kazi ya kutunza wazee, na milima hii nimeizunguka kwa mshahara huohuo.

Kitu kinachouzwa ghali Norwei ni mikono ya watu. Mtu akikupikia, akikuendesha kwa teksi, akikutandikia kitanda, utalipa mpaka ushike kichwa. Ukijifanyia mwenyewe, gharama inashuka kweli. Ukilishika hilo, mipango yako yote itanyooka, maana kila unapopanga jambo utajiuliza: hapa ninamlipa nani afanye kitu ninachoweza kukifanya mwenyewe?

Vile vibanda vya Mandara na Horombo ulivyolala vilijengwa kwa msaada wa Norwei, kwa hiyo mbao na mapaa ya huku hayatakuwa mageni kwako. Kigeni kitakuwa ukimya. Kilimanjaro huruhusiwi kupanda bila mwongozaji, na ukifika kituoni unakuta wagumu, yaani wapagazi, wametangulia, maji ya moto yapo, mpishi anakuita chai. Huku hakuna wa kutangulia. Hakuna geti, hakuna kiingilio cha hifadhi, hakuna mwongozaji wa lazima. Njia imechorwa herufi T nyekundu kwenye mawe, mnaifuata wenyewe, kila mtu na shanta lake. Kwa hiyo kabla ya kuhesabu fedha, hesabu kilo. Wewe na mama yake Neema msipite kilo kumi kila mmoja, Neema apungue hapo. Mzigo mzito ndio unaoharibu safari za huku kuliko kitu kingine chochote.

Kuhusu urefu wa milima msiwe na wasiwasi. Galdhøpiggen, mlima mrefu kuliko yote Norwei, una mita 2,469. Mandara iko mita 2,720. Kichwa hakitauma. Ila msiidharau kwa sababu hiyo. Huku ni kaskazini sana, miti inaishia kwenye mita elfu moja na kidogo, na kuanzia hapo ni mawe, kuvu za mawe na upepo. Agosti unaweza kuanza safari umevaa fulana, na baada ya chakula cha mchana mkakutana na mvua ya kupigwa na upepo na baridi ya kukufanya vidole vikatae kufunga zipu. Usiku theluji inaweza kugusa vilele.

Sasa vibanda. Vingi ni vya chama kinachoitwa Den Norske Turistforening, kwa kifupi DNT, kilichoanzishwa mwaka 1868. Kina vibanda zaidi ya 550 nchi nzima. Mgeni yeyote anaweza kujiunga, na mjiunge nyote watatu kabla ya kuweka nafasi, kwa sababu asiye mwanachama hulipa zaidi kila anapolala na kila anapokula, na vijana wana ada yao ndogo. Kwa usiku nne za familia, ada hiyo inajirudisha.

Vibanda viko vya aina tatu. Vyenye wahudumu hupika chakula cha jioni na staftahi, na vina bafu. Vya kujihudumia havina mhudumu, ila vina ghala la chakula. Vya tatu vina kitanda, jiko na kuni tu. Chakula unakuja nacho.

Hivi vya kujihudumia ndivyo ninavyovipenda mimi, na naomba nikueleze kimoja. Unafika umelowa. Unafungua kwa ufunguo wa chama, ambao wanachama huupata kwa kuweka dhamana. Viatu vinabaki mlangoni. Unaandika jina lako kwenye daftari, umetoka wapi na kesho unaelekea wapi, ili ukipotea wajue pa kukutafutia. Unawasha jiko la kuni, unachukua ndoo kwenda kijitoni. Kisha unafungua kabati la chakula: makopo ya nyama na samaki, tambi, supu za unga, uji wa oti, mikate mikavu, unga wa chapati za maji, kahawa, majani ya chai, sukari. Hakuna anayekutazama. Unapika, unakula, unaandika ulichokichukua, na unalipa wewe mwenyewe. Asubuhi unapasua kuni za atakayekuja baada yako, unafagia, unapiga deki, unafunga mlango. Mfumo huu unakwenda hivyo kwa kuaminiana, na kila ninapoandika kopo langu la makrili kwenye ile karatasi najisikia nimeheshimiwa.

Hata hivyo kwa mara ya kwanza, tena na mtoto, nawashauri Rondane, na mlale kwenye vibanda vyenye wahudumu. Rondane ndiyo hifadhi ya taifa ya kwanza ya Norwei, ya mwaka 1962. Ni upande mkavu wa nchi, kwani mvua nyingi inaishia kwenye milima ya magharibi, na njia zake hazina maporomoko ya kutisha. Tena hamhitaji gari. Kutoka Oslo mnapanda treni mpaka Otta, mwendo wa saa tatu na nusu hivi, kisha basi la majira ya kiangazi la kuwapandisha kuelekea Mysusæter na Spranget. Nunueni mikate, jibini, karanga na chokoleti dukani hapo Otta, kwani huko juu hakuna duka.

Kutoka Spranget ni kilomita 6 za barabara ya changarawe hadi Rondvassbu, kibanda kilichokaa kwenye ncha ya ziwa. Laleni hapo. Kesho yake piteni bonde la Illmanndalen mpaka kibanda cha Bjørnhollia, saa nne hivi kwa mwendo wa Neema. Siku ya tatu ndiyo ndefu: bonde la Langglupdalen mpaka Dørålseter, mwendo wa saa sita au saba, kwa hiyo toka mapema. Nyumba za Dørålseter ni za watu binafsi, wekeni nafasi kwao moja kwa moja. Siku ya nne mnarudi Rondvassbu, na kama miguu imechoka kuna mashua inayopita ziwani kiangazi. Ulizeni ratiba yake mapema. Siku ya tano mnashuka. Mkitaka kupanda mlima wa Storronden, mita 2,138, ongezeni usiku mmoja Rondvassbu na msiufinye kwenye siku nyingine.

Kwenye hivi vibanda punguzeni gharama hivi. Laleni kwenye vyumba vya vitanda vingi. Chakula cha jioni nunueni, maana ni sahani tatu na baada ya kutwa nzima njiani mwili unakihitaji. Staftahi na chakula cha mchana kuleni mikate yenu kutoka Otta. Maji msinunue kamwe. Jazeni vijitoni, juu ya malisho ya mifugo. Tiketi za treni nunueni mapema, zile za bei ndogo huisha. Oslo msilale hotelini hata usiku mmoja wakati Drammen kuna kitanda cha dada yako, na ni mwendo mfupi kwa treni.

Vifaa vingi anzieni hapo Moshi. Nendeni Memorial kwenye mitumba, mtafute sufu: sweta nyepesi, nguo za ndani za kubana, soksi. Sufu ikilowa bado inatia joto, pamba ikilowa inawagandisha, kwa hiyo jinzi ziacheni nyumbani. Shuka la kulalia ni lazima kila kibanda, limeshonwa kama mfuko. Fundi yeyote atakunja shuka moja na kushona pande mbili. Koti na suruali za mvua dada yako aazime. Manispaa nyingi huku zina vituo vya BUA vinavyoazimisha vifaa vya michezo bure, na vijana kama Neema ndio hasa vinawalenga. Viatu tu ndivyo visiazimwe. Neema avae vyake kuanzia sasa, akienda navyo sokoni na shuleni, hadi visahau dukani.

Viza: ombeni mapema, inaruhusiwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho siku 15. Ada ni yuro 90 kwa kila mmoja, Neema naye akiwemo kwa kuwa ameshapita miaka 12. Bima ya safari iwe na kinga ya yuro 30,000 au zaidi. Kwa kawaida wanataka kuona krone 500 za Norwei kwa siku kwa kila mtu, lakini dada yako anaweza kujaza fomu ya udhamini na kubeba jukumu hilo. Barua ya likizo kutoka kwa mkuu wako wa shule na ushahidi wa nafasi za vibandani viambatanishe.

Na kila asubuhi, kabla ya kufunga viatu, soma utabiri wa hali ya hewa wa Yr na uongee na mhudumu wa kibanda. Akisema leo upepo ni mbaya, kaeni. Wanorwei wana kanuni tisa za mlimani, na moja inasema ugeuke mapema, kurudi si aibu. Nimeona watu wazima, wenyeji, wakirudi kibandani saa tano asubuhi wamelowa chapachapa, na wote wakasogezewa benchi karibu na jiko bila swali.

SWALI: Asalaam aleikum mama. Mimi ni wa Mombasa, naishi Malmö, Uswidi, na mume wangu. Tunatamani safari kama hizo ila twahofia chakula, na kulala chumba kimoja na wanaume nisiowajua.
Bi Mkubwa wa Malmö

JIBU: Waaleikum salaam, mwanangu. Nyama halali msiitegemee mlimani. Wakati wa kuweka nafasi waandikieni kwamba mwataka samaki au mboga, tena muwakumbushe mkifika. Hununua chakula mapema kwani kukifikisha huko ni kazi. Vyumba vya vitanda vingi huchanganya wanawake na wanaume, hilo ni kweli. Vibanda vyenye wahudumu vina vyumba vidogo pia, hata vya watu wawili. Vyaisha haraka, basi wekeni nafasi tangu majira ya baridi. Mahali pa kuswali hamtakosa, na hakuna atakayewasumbua. Chukueni dira; mtaihitaji kwa njia na kwa kibla.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi kutoka Kigoma, nasoma Trondheim. Hema ninalo, fedha sina. Nafanyaje?

JIBU: Wewe una kila kitu, mdogo wangu. Sheria ya mwaka 1957 inakupa haki ya kutembea na kulala kwenye ardhi isiyolimwa, hata kama ina mwenyewe. Hema liwe mita 150 au zaidi kutoka nyumba au kibanda chenye watu, na mahali pamoja usipite siku mbili bila ruhusa. Moto wa kuni msituni au karibu na msitu umekatazwa kuanzia Aprili 15 hadi Septemba 15, hivyo tumia jiko dogo la gesi, kwa uangalifu. Ingia uanachama kwa bei ya vijana, uchukue ufunguo wa chama na uutembeze shantani. Hali ya hewa ikiharibika, fungua kibanda cha kujihudumia kilicho karibu, uandike jina lako, uwashe jiko.