Arudi, lakini arudi akiwa nani?

Mmeuliza wiki hii kama aliyeishi ughaibuni miaka mingi arudi nyumbani moja kwa moja, au awe anakuja kutembea tu. Wengi watajibu kwa umeme, hospitali na mishahara. Mimi nimesharudi, niko Ngamiani hapa Tanga mwaka wa tatu, na umeme haujaninyima usingizi. Kinachoninyima usingizi ni kwamba naishi kwetu kwa kibali cha ukaazi.

Nilikaa Leicester miaka 19, kazi yangu kuhudumia wazee. Nilikuwa na ruhusa ya kuishi Uingereza bila kikomo, na pasi yangu ya Tanzania mkononi. Lakini ruhusa ile ukikaa nje ya nchi yao zaidi ya miaka 2 mfululizo, inakufa. Mama alipopata kiharusi nikajua miaka 2 haitatosha, na wanangu wako kule wanasoma. Nikachukua uraia wao ili nije nimuuguze mama bila kuhesabu siku. Na kwa Sheria yetu ya Uraia ya 1995, mtu mzima akichukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake, wa Tanzania umekwisha. Nilichokifanya ili nirudi ndicho kilichonitoa.

Mwaka jana tulikwenda harusini Vanga, upande wa Kenya. Wenyeji wa huku wanajua, Vanga na sisi ni ukoo mmoja, mpaka umepita katikati ya mashamba. Kurudi, pale mpakani Horohoro, jua la saa nane, tukashuka kwenye Noah watu saba. Mama tukamkalisha kwenye benchi, sinia la visheti mapajani, kalifunika kwa upande wa kanga. Wenzangu wakapita haraka. Ikafika zamu yangu. Kijana wa dirishani hakuwa na kosa lolote, aliniamkia vizuri, akafungua pasi yangu, akanisemesha Kizungu. Nikamjibu kwa Kiswahili cha Tanga. Akaniangalia, akaiangalia pasi, akageuza kurasa moja moja mpaka kwenye kibali. Akauliza, "Tanga unakaa kwa shughuli gani, mama?"

Sikupata la kusema. Mama akajibu kutoka kwenye benchi, na maneno yake siku hizi yanatoka kwa shida: "Shughuli yake ni mimi."

Kijana akagonga muhuri. Ndani ya gari hakuna aliyezungumza mpaka Duga Maforoni. Mimi nilikuwa namfikiria binamu yangu tuliyemwacha Vanga, ana pasi ya Uingereza kama yangu na ya Kenya pia, maana Katiba yao ya 2010 imeruhusu. Tumecheza naye ufuo mmoja.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema sheria yetu inatuonea, basi. Bado naiona nzito. Ila kuna neno la mdogo wangu wa kiume, aliyebaki na mama miaka yote ile, akimgeuza kitandani kabla mimi sijafika. Kiwanja chetu cha Mikanjuni kimenunuliwa kwa hela yangu na kiko kwa jina lake, kwa sababu wakati kinanunuliwa asiye raia alikuwa hapewi ardhi ila kwa uwekezaji. Kodi anailipa yeye, hajawahi kunidai. Siku nalalamika akaniambia, "Dada, hapa pakiharibika wewe una pa kwenda. Sisi tuna hapa tu." Nilimkasirikia wiki nzima. Leo sina cha kumjibu.

Kwa hiyo: arudi. Lakini kijana aliye ughaibuni akiniuliza nitamwambia asiiachie pasi ya Tanzania, hata kule wamsihi vipi. Isipokuwa ana mgonjwa kama wangu, hapo simshauri kitu, maana mimi ningefanya vilevile.

Kibali changu kinaisha mwezi wa kumi na moja. Mama ameshaniuliza mara mbili kama nimekwenda kukishughulikia.