Historia ya nyumba kongwe ianze jikoni: kuandaa siku ya familia kwenye nyumba ya mlowezi

Mtoto wa miaka saba akisimamishwa mbele ya kabati la vitabu na kuambiwa "usiguse", dakika ya kumi ataanza kuuliza choo kiko wapi. Kosa si lake. Nyumba za walowezi zilijengwa ili aliyekaa sebuleni asione kazi inayofanyika nyuma, na ziara nyingi bado zinapita njia ileile: varanda, sebule, chumba cha kulala, kwaherini. Siku ya familia yenye maana huanzia upande wa nyuma, kwenye mkaa, kinu na pasi.

Tuchukue mfano wa nyumba ya Karen Blixen, mwandishi kutoka Denmark, iliyo chini ya vilima vya Ngong, Nairobi. Ilijengwa 1912, naye aliishi humo kuanzia 1917 hadi 1931. Denmark iliikabidhi kwa Kenya 1964, ikafunguliwa kuwa makumbusho 1986. Kwa kazi yetu ina mambo mawili mazuri: jiko lake limejitenga na nyumba, na hapo palikuwa na shamba la kahawa. Shamba lenyewe lilifilisika, kwa sehemu kwa sababu mahali pale, karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, pana baridi mno kwa mibuni. Mtoto anayetetemeka pale saa tatu asubuhi mwezi wa Julai haelezwi zaidi.

Kabla ya yote, pata kibali cha uongozi wa makumbusho na mkubaliane moto utawashwa wapi. Vitu vya maonyesho havishikwi. Vya kufanyia kazi mje navyo. Jiko la kuni la chuma lililomo ndani liacheni litazamwe tu, hata kama linaonekana zima, maana bomba lisilopitisha moshi kwa miaka mingi huweza kuwa na ufa au kiota cha ndege. Majiko mawili ya mkaa kutoka kwa mafundi wa jua kali, yakiwekwa nje umbali wa hatua kumi kutoka ukutani, yanatosha. Ongeza ndoo ya mchanga, jerikeni mbili za maji za lita 20, na mtu mzima mmoja kwa kila watoto wanane. Zaidi ya wanane, wa nyuma hawaoni kitu na huanza kusukumana.

Kahawa ndiyo kazi ya kwanza. Tatizo ni kwamba safari nzima ya kahawa kutoka mtini hadi kikombeni huchukua wiki mbili au zaidi, na nyinyi mna dakika 20. Suluhisho ni bakuli nne zilizotayarishwa mapema: matunda mekundu, buni zilizotolewa maganda zikiwa bado na ute, buni zilizokaushwa zikiwa na ganda lake jembamba, na buni za kijani zilizokobolewa. Matunda mabichi hupatikana Kiambu hasa kati ya Oktoba na Desemba, kwa hiyo beba turubai kwa ajili ya mvua za vuli. Kilo moja ya buni za kijani hutoka kwenye kilo tano hadi sita za matunda. Mwache kila mtoto akamue tunda lake mwenyewe. Buni mbili zitateleza vidoleni kama kamasi, watapiga kelele, na hapo ndipo utakapoeleza kwa nini ute huo huchachushwa usiku kucha kabla ya kuoshwa. Atakayepata tunda lenye buni moja tu ya mviringo hajakosea. Yapo hayo, na huuzwa kwa daraja lake.

Kukaanga kunahitaji gramu 250 kwenye karai zito la chuma. Mkaa uwe umeshika jivu jeupe, usiwe na ndimi za moto. Koroga kwa mwiko bila kuacha kwa dakika 12 hadi 15. Buni zitageuka njano, kisha hudhurungi, na mwishoni zitaanza kualika kama bisi. Hapo subiri kama dakika mbili, mimina kwenye ungo na upepete haraka ili zipoe na makapi yaruke. Kosa la kawaida ni haraka: moto ukiwa mkali, nje huungua na ndani hubaki mbichi, na kahawa hunukia majani. La pili ni kusimama upande upepo unakoelekea, makapi yote yakaingia machoni. Pima tena kwenye mizani: gramu 250 zitakuwa zimebaki kama 210, na watoto wakubwa wakisie kilichopotea. (Ni maji, kwa sehemu kubwa.) Kutwanga kwenye kinu ni kwa wote, hata wa miaka minne, mradi mchi uwe mwepesi. Kunywa tuwaachie wazazi.

Pasi ya mkaa ni ya kuanzia miaka kumi, na ndiyo inayotunza utulivu kuliko kitu kingine chochote, pengine kwa sababu inaogopesha kidogo. Kagua mpini kwanza. Mpini ukicheza kwenye skrubu zake, pasi hiyo haifai. Kagua pia kikomeo cha mbele, ambacho kwenye pasi nyingi kina umbo la jogoo, kwani kisiposhika, mfuniko hufunguka na makaa humwagikia mguuni. Jaza mkaa uliokwisha kuwaka hadi theluthi mbili, funga, subiri dakika kumi. Nyunyiza tone la maji kwenye kitako. Likichemka na kutoweka papo hapo, pasi iko tayari. Ipitishe juu ya jani bichi la mgomba: hung'arisha kitako na kuondoa masizi. Kisha kitambaa cha pamba chenye unyevu kidogo, kamwe si nailoni.

Moto ukififia, mtoto atataka kuitikisa hapohapo juu ya nguo. Asifanye hivyo, jivu hutoka kwenye matundu na kuacha madoa ya kijivu. Dobi alikuwa akigeuka pembeni na kuibembeza mbele na nyuma ili upepo uingie. Kazi hii yote ifanyike nje au kwenye varanda wazi, kwani hewa ya mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua bila harufu. Wakiuliza kwa nini hata mashuka yalipigwa pasi, jibu si unadhifu peke yake. Kuna inzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, na mabuu yake huingia ngozini. Joto la pasi huyaua.

Sasa suala la mavazi. Waandaaji wengi hupenda kuwavalisha watoto: huyu bwana, yule mpishi, huyu boi. Tunashauri msifanye. Ndani ya dakika tano "bwana" ataanza kumwamrisha mwenzake, wengine watacheka, na mtoto aliyepewa kanzu na trei atabaki na jambo ambalo hakuja kulitafuta. Mtoto ashike kazi, asishike cheo. Mwongozaji aseme wazi kwamba kazi hizi zilikuwa na watu wake: mpishi, dobi, yaya, saisi wa farasi, wachumaji.

Kwa wenye miaka kumi na zaidi, hesabu husema kuliko igizo. Sheria ya 1918 iliwataka maskwota, yaani Waafrika walioishi na kulima kwenye ardhi ya mlowezi, wamfanyie kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Wape buni za kijani 365, ambazo ni konzi moja hivi, watenge 180 kwenye bakuli jingine. Kisha waulize mvua zikija, shamba la nani litapaliliwa kwanza. Nakala ya kipande, yaani hati ya utambulisho ya mfanyakazi Mwafrika, inaweza kukaa mezani pembeni, pamoja na kikebe cha chuma ambacho wanaume walikivaa shingoni. Waishike, wasome sehemu ya alama za vidole na ya jina la mwajiri. Msiwavalishe.

Vituo vitatu vya dakika 20, na kumi za kuhama na kunawa baada ya kila kimoja, ni saa moja na nusu. Mkivuka hapo wadogo huchoka na wazazi huanza kutazama simu. Anzeni saa tatu na nusu asubuhi, mkaa uwashwe dakika 40 kabla.

Mwishoni makaa yote, pamoja na yaliyomo ndani ya pasi, yamwagwe kwenye ndoo ya chuma na kufunikwa kwa mchanga, yalale humo hadi kesho yake. Makaa yanayoonekana yamezima hushikilia moto ndani kwa saa nyingi, na pipa la taka la plastiki lililoegemea ukuta wa nyumba ya zaidi ya miaka 100 si mahali pa kugundulia hilo.