Mzigo umeshushwa majimboni

Ndugu, umeuliza kwa nini wabunge wa mabunge ya majimbo kule Marekani wanalia bajeti wakati aliyepunguza matumizi ni serikali kuu. Wanalia kwa sababu bili imehamia kwao. Washington hukopa mwaka hadi mwaka, lakini karibu kila jimbo limebanwa na sheria zake lisipange kutumia zaidi ya linachopata.

Chukua SNAP, ule msaada wa chakula. Miaka yote chakula chenyewe kililipiwa na serikali kuu, jimbo likichangia nusu ya gharama za uendeshaji. Sheria iliyosainiwa 4 Julai 2025 inapandisha mchango huo hadi asilimia 75 kuanzia Oktoba 2026. Mwaka unaofuata, jimbo ambalo makosa yake ya malipo yamefika asilimia 6 litaanza kulipia na chakula, asilimia 5 hadi 15, ingawa majimbo yenye makosa makubwa sana yamepewa muda zaidi (ajabu hiyo!). Na usidhani makosa maana yake wizi. Karani akinukuu vibaya mshahara wa mama mmoja akampunja, nalo linahesabiwa.

Sasa mbunge afanyeje? Apandishe kodi, akate shule, au aajiri makarani wa kutosha. Mimi ningeanza na makarani. Texas ndiyo wana kazi, maana bunge lao hukaa siku 140 tu kila miaka miwili; kikao cha kawaida kijacho ni Januari 2027, labda gavana awaite mapema.