Kuhusu hukumu ya upande mmoja uliyoikuta Ujiji

Ndugu yangu, nimekuelewa: umedaiwa katika Mahakama ya Wilaya Kigoma ukiwa umekwisha kuhamia Tabora, wito ukapelekwa Ujiji, hukumu ikatolewa bila wewe kusikilizwa, na sasa dalali wa mahakama, anayeitekeleza hukumu hiyo, anabisha hodi. Usikimbilie rufaa. Anza kwa kuomba mahakama hiyohiyo iitengue hukumu chini ya Amri ya IX ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Sura ya 33, ukiambatanisha hati ya kiapo.

Kwanza kagua jalada, hasa kiapo cha aliyepeleka wito: alikwenda lini, nyumba ipi, nani alimwonyesha, na nani alitia saini. Hapo ndipo hoja yako itakaposimama au kuanguka, kwa hiyo tafuta mkataba wako wa pango wa Tabora na barua ya mwenyekiti wa mtaa.

Muda ni siku 30 tangu hukumu kutolewa. Zikiwa zimepita, omba kwanza kuongezewa muda, ukieleza kila siku uliyochelewa. Omba pia zuio la utekelezaji, kwani ombi la kutengua pekee halimsimamishi dalali.

Mtafute wakili wiki hii, nakusihi. Ukikosa ada, uliza msaada wa kisheria.